Nilinunua nakala mbili za jabali la Monet zilizochorwa kwa mkono. Ipi ina upepo?

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Leo nina nakala mbili za mchoro mmoja, zote za rangi za mafuta, zote za mkono, na nimekaa nazo ukutani miezi mitatu kabla ya kuwasha kamera. Mchoro wenyewe ni wa Claude Monet, mchoraji Mfaransa. Aliuchora mwaka 1882 kule Pourville, kijiji cha pwani karibu na Dieppe, kaskazini mwa Ufaransa. Wanawake wawili wamesimama juu ya jabali, mmoja kajikinga jua kwa mwavuli wa rangi ya waridi. Chini yao bahari, na huko mbali mashua zenye matanga meupe.

Mchoro halisi uko hapa Chicago, kwenye makumbusho ya Art Institute, na mimi nafika pale kwa basi moja. Kwa hiyo sikulinganisha na picha za simu. Nimekwenda mara tano, nikasimama mbele yake, nikarudi nyumbani nikasimama mbele ya nakala.

Kwa nini huu na si mwingine? Mama alipokuja kututembelea kutoka Tanga nilimpeleka pale. Tulipita vyumba vingi, mama anatembea kimya, kachoka, anatafuta benchi. Tulipofika kwenye huu akasimama. Mkono wake ukapanda wenyewe, akashika ushungi wa kanga yake. Akaniambia, "Mwanangu, hapa pana kusi." Mama hamjui Monet wala Pourville, ila pepo za bahari anazijua tangu utotoni. Kuanzia siku ile niliutaka mchoro huu nyumbani, na nakala zote mbili nimezipima kwa neno lake hilo.

Haya, nakala ya kwanza. Hii nimeagiza kwenye duka la mtandaoni, jina sitalitaja. Dola 240 pamoja na usafiri. Ukubwa ni sawa na mchoro halisi, kama sentimita 66 kwa 82. Ilichukua wiki sita, ikaja imeviringishwa ndani ya bomba jembamba la kadibodi, upande wa rangi ukiwa ndani.

Hapo nasimama kidogo, kwa sababu limeniuma. Mchoro wa rangi za mafuta ukilazimika kuviringishwa, rangi itazame nje, na bomba liwe nene. Rangi ikiwa ndani hubanwa, na ile iliyopakwa nene hubonyea. Nasogeza kamera, angalieni wingu hili. Mnaona nyeupe ilivyolala? Hapa palikuwa na rangi iliyoinuka, unaweza kuipapasa kwa kidole. Sasa imekuwa bapa, na imeacha alama mgongoni mwa kanvasi. Tena kingo wamezikata fupi mno. Fundi wa fremu anahitaji kama sentimita 5 kila upande ili aiwambe vizuri kwenye mbao, na mimi nililetewa 2. Akalazimika kuunga vipande vya kitambaa pembeni, nikalipa zaidi.

Je, ni ya mkono kweli? Ndiyo, na hili mwenye duka hakudanganya. Mkipokea yenu fanyeni hivi: zimeni taa za chumba, washeni tochi ya simu, imulikeni kutoka ubavuni, karibu kabisa na ukuta. Kila mpigo wa brashi utatupa kivuli chake. Wapo wanaochapisha picha kwa mashine juu ya kanvasi, halafu wanapaka gundi angavu juu ili ionekane ina mipigo. Hiyo mtaitambua haraka: michirizi ya gundi inakwenda huku, rangi iliyo chini inakwenda kule. Na ukichukua kioo cha kukuzia, utaona nukta nukta za mashine. Hii yangu haina nukta. Kuna mtu alikaa akaichora.

Sasa tuje kwenye majani, maana mchoro huu unaanguka au unasimama kwenye majani. Ukiwa mbele ya ule halisi, majani ya juu ya jabali si ya kijani tu. Kuna njano, kuna wekundu, kuna zambarau, vijipigo vifupi vilivyopinda, kila kimoja kimewekwa mara moja na brashi ikaondoka. Halafu, na hili sikuliona mpaka nilipokwenda mara ya tatu, mpigo uleule uliopinda unapanda kwenye nguo za wale wanawake. Majani na nguo vinapigwa na upepo mmoja. Ndiyo maana mama alishika kanga.

Kwenye nakala yangu mchoraji amepaka majani kwa uangalifu mkubwa, yamepangika vizuri, yanapendeza. Lakini ni majani ya bustani iliyomwagiliwa asubuhi. Nguo nazo amezipaka laini, zinaning'inia tu. Na ile sehemu ya jabali iliyo kivulini, penye buluu na zambarau kwenye mchoro halisi, yeye kaweka kijani kilichochanganywa na nyeusi. Jabali limekuwa zito, linaonekana kama tope.

Sipendi kumlaumu mchoraji. Nilijaribu mwenyewe, nikachora kipande kidogo cha majani, sentimita 20 kwa 20, nikakaa nacho Jumamosi nzima. Kila nilipoufuata mpigo wa Monet polepole ili nisikosee, ulikufa. Ni kama kuiga sahihi ya mtu: umbo unalipata, lakini wino unaonyesha kwamba mkono ulisita. Mpigo ule ulipigwa haraka, na mtu aliyejua anakwenda wapi. Ukitaka kuunakili lazima nawe uende haraka, ukubali kwamba jani lako halitaangukia mahali lilipoangukia lake.

Sisi wa Dar tumeliona hili kwa wachoraji wa Tingatinga. Twiga yuleyule, chui yuleyule, anachorwa mara mia, lakini ukizoea unaijua mikono. Yupo ambaye chui wake anakutazama, na yupo ambaye chui wake ni madoadoa tu.

Kabla sijaenda nakala ya pili, tazameni huu mwamba wa kulia. Wataalamu wa makumbusho waliupiga mchoro halisi eksirei, wakakuta Monet alikuwa ameuchora mwamba huo mkubwa zaidi, kisha akaupunguza ili bahari na mbingu vipate nafasi. Kwenye nakala yangu umenenepa tena! Kidogo, upana wa vidole viwili. Ila ukikaa nao ukutani unahisi bahari imebanwa, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini yeye mwenyewe aliukata.

Nakala ya pili. Hii nimemwagiza binti mmoja mchoraji anayeishi mjini hapa, jina lake nalihifadhi. Dola 350, na ni ndogo, 40 kwa 50. Nilimuuliza kwa nini asichore ukubwa uleule, akanieleza kwamba kwenye makumbusho ya Louvre kule Paris, wanaoruhusiwa kunakili michoro ukumbini hulazimika kubadilisha ukubwa na hawaruhusiwi kuiga sahihi ya mchoraji, naye amejiwekea kanuni hiyohiyo. Nyuma ameandika kwamba ni nakala, na jina lake. Nilifurahi sana. Monet alifariki mwaka 1926, kazi zake hazina tena hakimiliki, kunakili si kosa. Kosa ni kumuuzia mtu nakala kama mchoro halisi, na ile ya dukani ilikuja na sahihi ya Monet bila neno lolote nyuma.

Binti huyu alikwenda makumbusho kwa penseli na daftari, akakaa. Rangi alizotumia ni sita. Monet mwenyewe aliziorodhesha kwenye barua ya mwaka 1905, miaka 23 baada ya mchoro huu: nyeupe, njano ya kadimiamu, nyekundu mbili, buluu ya kobalti na kijani cha zumaridi. Nyeusi haimo. Tazameni kivuli cha jabali sasa, kinapumua. Mashua amechora chache, hazifiki nusu, na uso wa bahari upande wa chini ameufanya haraka kupita kiasi, pale sikuridhika, kanvasi inachungulia. Lakini majani haya, jamani. Yamepinda yote upande mmoja, na gauni limepinda nayo.

Kama una dola 240 na unataka kujaza ukuta mkubwa wa sebule, ya dukani itakufaa, ila mwandikie muuzaji kwanza: aache kingo za sentimita 5, aviringishe rangi kwa nje, na akutumie video ya mchoro ukimulikwa kutoka ubavuni kabla hajaufunga. Mimi ile nimeihamishia koridoni. Ya binti ndiyo iko sebuleni.

Juzi nilimpigia mama kwa video. Nikamwonyesha ya kwanza, akasema ni nzuri, akaniuliza kama nimekula. Nikageuza simu kwenye hii ndogo. Akanyamaza kidogo, akasogeza uso kwenye kioo, akasema, "Huyo dada mwambie aushike kwa mikono miwili huo mwavuli."