Windows 11 au Linux Mint: uhamie wapi?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha msaada wa kawaida wa Windows 10, na wengi walioizoea wakalazimika kuchagua: Windows 11, au Linux Mint, mfumo endeshi usio wa Microsoft.

Windows 11 ndiyo njia fupi: Excel na Photoshop zinaendelea kama kawaida. Kinachoudhi ni sura yake. Ilipotoka mwaka 2021, kitufe cha Start kilisogezwa katikati (unaweza kukirudisha kushoto), na uwezo wa kuhamishia mwambaa wa kazi (taskbar) juu au pembeni mwa skrini ukaondolewa. Ukibofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, amri nyingi zimefichwa kwenye menyu ya pili. Kwa mtu anayeshughulika na mafaili kutwa nzima, huko ni kumpotezea muda bure. Tena inadai TPM 2.0, chipu ya usalama ndani ya kompyuta, hivyo kompyuta nyingi zilizo nzima kabisa zinaachwa nje.

Linux Mint imewahi kulipigania jambo hili hili la sura. Mwaka 2011, GNOME 3, toleo jipya la programu inayotoa menyu na madirisha kwenye Linux, ilipobadilisha sura ghafla, watengenezaji wa Mint walianzisha yao, Cinnamon, ili menyu na mwambaa vibaki pale watu walipovizoea. Mwambaa unauweka ukingo wowote. Ni bure, na unaweza kuijaribu kwenye flashi kabla ya kugusa diski. Lakini Photoshop haina toleo la Linux, na faili la Excel lenye makro (amri zinazojiendesha) linaweza kuvurugika ndani ya LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi.

Anayeishi kwa Photoshop abaki Windows. Mwanafunzi au mwenye duka anayetumia zaidi kivinjari na kuandika barua, namshauri Mint bila kusita.