Simu za ofisini kwa mtandao: uzoefu wangu wa mapokezi, Tanga

Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha, maeneo ya Chumbageni. Kutoa mizigo bandarini ni kazi ya simu: mteja yuko Moshi, dereva yuko getini, na kila mmoja anataka kujua kontena limefikia wapi. Zamani tulikuwa na laini moja ya mezani na simu zetu za mkononi. Mteja akimkosa yule aliyemzoea, hana pa kuuliza. Ndipo tukafunga mfumo wa simu wa intaneti, na kwa kuwa mapokezi nakaa mimi, nautumia kutwa.

Wetu unaendeshwa na Asterisk, programu huria aliyoianzisha Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999. Programu yenyewe hailipiwi. Pesa inakwenda kwenye simu za mezani, swichi (kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao), fundi na dakika za kupigia. Namba ya nje ni moja, ya 027, na ndani kila mtu ana namba yake fupi.

Wauzaji hutanguliza sauti ya kukaribisha: kwa nyaraka bonyeza moja, kwa uhasibu bonyeza mbili. Hiyo naipa alama ndogo. Mzee anayepiga kutoka Pangani kuulizia trekta lake anataka aitikiwe na mtu, tena asalimiwe kwanza. Kwetu sauti hiyo inasikika ofisi ikishafungwa tu.

Ninachokipenda hasa ni kuhamisha simu kwa kuulizana kwanza. Namwambia mteja, "Subiri kidogo, mzee wangu," nabonyeza kitufe cha kuhamisha, napiga 104. Kabla sijawaunganisha namweleza mwenzangu: "Kaka, nina mzee wa Pangani hapa, wa lile trekta. Ushuru ameshalipa, anauliza linatoka lini." Akisema sawa, mimi natoka, wao wanaendelea, na mzee haanzi maelezo upya. Ipo namna ya kuirusha simu moja kwa moja, ila hiyo mara nyingi huishia kuita kwenye meza isiyo na mtu. Na huyo wa 104 si lazima awe mezani. Ana programu kwenye simu yake ya mkononi, anapokea akiwa bandarini, na akimpigia mteja kwa programu hiyo inatokea namba ya ofisi.

Nikizidiwa, simu ikiita mapokezi kwa muda bila kupokelewa, inaanza kuita meza zote za nyaraka kwa pamoja. Zinazoponyoka bado zinabaki kwenye orodha, na jioni nawapigia wenyewe mmoja mmoja. Wateja wanashukuru sana kwa hilo.

Sasa umeme. Laini ya shaba ilipata umeme wake kutoka kituo cha simu, hivyo hata ofisi ikiwa gizani iliita. Hizi za sasa hupata umeme kupitia waya wa mtandao kutoka kwenye swichi. Swichi ikizima, zote kimya. UPS, yaani betri ya akiba, ibebe ruta, swichi na mashine ya mfumo, msiiachie kompyuta peke yake. Sauti nayo ilikuwa ikikatikakatika kila mtu alipotuma nyaraka nzito. Tatizo halikuwa kasi, maana mazungumzo mamoja kwa G.711, namna ya kawaida ya kusafirisha sauti kwenye mtandao, hula takribani kilobiti 87 tu kwa sekunde kila upande. Fundi alipoipa sauti kipaumbele kwenye ruta, ikatulia. Mwambieni pia afunge simu za nje ya nchi kama hamzihitaji na aweke nywila ngumu, kwa sababu wezi huvamia mifumo hii na kupigia nje kwa gharama yenu.

Kurekodi tumewasha kwa meza ya uhasibu peke yake, na mteja anatangaziwa kabla. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mtu ana haki ya kujua kuwa anarekodiwa.

Ofisi ya watu wawili haiuhitaji mfumo huu. Ila mkiwa watano na kuendelea, mnaopokezana wateja, fungeni, na kabla ya kumlipa fundi mwambieni awahamishie simu moja mbele ya macho yenu.