Seiko 5 za zamani Lubumbashi: mashine ya kweli, uso wa uongo

Kati ya saa za mkono za zamani zinazouzwa mezani hapa Lubumbashi, ya kununua ni Seiko 5 yenye mashine ya 7009. Kasha lake ni gumu, inajitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono, na fundi mwenye lupu, yaani kioo cha kukuzia, na mkono uliotulia anaweza kuifungua na kuisafisha bila kutafuta vifaa vya ajabu. Kasoro haiko kwenye mashine, ambayo mara nyingi ni ya Japani kweli. Kinachodanganya ni uso.

Nyuso nyingi zimefutwa na kupakwa rangi upya. Kazi hiyo hufanywa sana India, hadi wakusanyaji wa saa wamezipa jina la Mumbai. Ukiona rangi ya machungwa inayowaka au samawati ya kung'aa kwenye kasha lililochubuka pande zote, simama hapo. Sehemu za saa moja huzeeka pamoja. Kifuniko cha nyuma kikiwa kimelika hadi maandishi hayasomeki, na uso ukawa kama wa jana, ujue kimoja kati yake kimeguswa.

Anza na namba. Kifuniko cha nyuma kina tarakimu nne, kistari, kisha nne nyingine. Nne za kwanza ni za mashine: 7009, 6119, au 7S26 kwa zile za kuanzia 1996. Nne za mwisho ni za kasha. Sasa washa tochi ya simu, uangalie ukingo wa uso, chini ya namba 6. Pale pana maandishi madogo mno, na ndani yake kuna namba nyingine. Nne zake za kwanza zilingane na za mashine. Nne za mwisho zikitofautiana na za nyuma, usiogope: uso una namba yake na kasha lina yake. Ni huzuni kuona saa safi inakataliwa kwa sababu hiyo, halafu inachukuliwa iliyopakwa, ambayo pale chini haina kitu au ina alama zilizovurugika, kwa kuwa brashi haiwezi kuandika udogo ule.

Nyuma hapohapo kuna namba ya herufi sita. Ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, ya pili ni mwezi: 1 hadi 9, kisha O kwa Oktoba, N kwa Novemba, D kwa Desemba. Namba inayoanza na 8N kwenye 7009 ni Novemba 1978 au 1988. Seiko 5 zilianza 1963, lakini si kwa mashine hii. Muuzaji akiapa kwamba 7009 yake ni ya miaka ya 1960, namba ya mashine imeshamjibu.

Kwenye uso wenyewe tazama kingo za herufi. Za kiwandani zimekatika safi. Za brashi zimevimba na kuchuruzika. Vistari vya dakika vikae sawa na alama za saa, na rangi isiwe imeingia kwenye kidirisha cha tarehe. Mshale wa dakika ukiwa mfupi, haufiki kwenye vistari, umetolewa saa nyingine.

Kisha ijaribu. 7009 haitiwi ufunguo kwa kifundo cha pembeni. Itikise taratibu ubavuni mara ishirini au thelathini, itaamka. Mshale wa sekunde uende kwa hatua ndogo sita kila sekunde, karibu kama unateleza. Ukiruka mara moja kwa sekunde, ndani mna betri. Vuta kifundo hatua moja: upande mmoja hubadilisha tarehe, mwingine siku. Usifanye hivyo mishale ikiwa kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, maana meno ya kalenda yameshikana na unaweza kuyavunja wewe mwenyewe. Ilaze uso juu, kisha uso chini. Ikisimama upande mmoja, mhimili wa gurudumu la mizani umechoka au umepinda. Ikikimbia dakika nyingi kwa siku, huenda springi nyembamba ya gurudumu la mizani imeshikwa na sumaku au mafuta.

Kabla ya kutoa pesa, ifunguliwe. Mlipe fundi wako, si wa muuzaji, asome namba ya mashine yenyewe na kuangalia kutu. Muuzaji anayekataa kifuniko kiguswe, mwachie saa yake. Mpira wa ndani wa kuzuia maji kwenye saa za umri huu mara nyingi umekauka au umeyeyuka kama lami. Bila kuubadilisha, usiivae kwenye mvua za Desemba, na vumbi la kiangazi nalo litaingia.

Omega zinahitaji ukali zaidi. Za miaka ya 1950 na 1960 zina mashine ya rangi ya shaba nyekundu yenye namba iliyochongwa, na kioo chao cha plastiki kina alama ndogo ya Omega katikati. Kioo kilichobadilishwa mara nyingi hukosa alama hiyo, kwa hiyo mashine ndiyo ya kuamini. Rolex ya zamani yenye kioo nyuma, iache. Inayoruka sekunde pia, isipokuwa chache kama Oysterquartz ya betri, iliyotoka 1977 na iliyoandikwa jina hilo usoni.

Nyuso nyingi za Uswisi zilizowaka gizani kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa radiamu, madini yanayotoa mionzi, na kwa miaka mingi radiamu nyingi ya dunia ilitoka kwenye mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Haiwaki tena, lakini mionzi bado imo. Saa ya namna hiyo ikiwaka kijani kikali baada ya tochi, imepakwa upya. Isiyowaka, isikwanguliwe wala kufunguliwa nyumbani penye watoto.

Seiko yenye uso wa Mumbai inaonyesha saa vizuri, na wa kuivaa tu anaweza kuichukua. Bei yake isizidi theluthi ya ile yenye uso wake wa kiwandani.