Nimepamba sebule ya Krismasi kwa 20,000: kipi kimefaa na kipi kimenila hela

Habari zenu jamani, karibuni tena nyumbani kwangu. Leo msinione nimekaa chini ya feni, Desemba ya Dar mnaijua wenyewe.

Mwaka huu siendi kwetu Moshi "kuhesabiwa", yaani kula sikukuu na ukoo. Nauli ya watu wanne, kwenda na kurudi, imenishinda, na mwanangu wa mwisho alivyosikia tunabaki Dar akaniuliza, "Sasa mama, Krismasi itatujuaje kama tuko hapa?" Ndiyo nikajiambia basi, hapa hapa Tabata, chumba na sebule, natenga 20,000 na nyumba itapendeza. Vitu vyote mnavyoviona hapa mezani nimenunua kwa hela yangu, hakuna duka lililonipa bure, kwa hiyo nitasema ukweli.

Tuanze na taa maana ndiyo bidhaa kubwa. Hizi hapa. Mita 10, balbu 100, rangi ya njano ile ya kama mshumaa. Nimezipata Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kwa 7,000. Alianza na 12,000 yule kaka, nikaondoka, akaniita. Sikilizeni: usitoke dukani kabla hajakuchomekea ukaona kwa macho yako. Waya wa kwanza alionipa uliwaka sehemu mbili, ya tatu giza. Hizi balbu zimegawanywa mafungu, na ndani ya fungu umeme unapita balbu hadi balbu, kwa hiyo waya ukikatika mahali pamoja fungu zima linalala. Akiniambia "ukifika nyumbani utawaka dada", ningebeba? Alinibadilishia.

Angalieni plagi yake. Ina miguu miwili, na soketi zetu zina matundu matatu. Najua mnachofanya. Mnachukua kalamu mnaitumbukiza tundu la juu, halafu mnachomeka. Jamani, na watoto wanawatazama! Adapta ni 1,500, nunueni. Na huu waya sogeeni muuone, ni mwembamba kama tambi. Usiupitishe chini ya zulia watu wakaukanyaga, na barazani kwenye mvua usithubutu.

Kidude hiki cha kubonyeza kina mitindo minane: kuna kukimbia, kuna kukonyeza, kuna kufifia taratibu. Kasoro yake ni kwamba ukizima ukiwasha tena inaanza upya na ule mchanganyiko wa fujo, mpaka ubonyeze mara saba ndiyo zitulie. Mara saba, kila jioni. Mimi nimezoea, baba watoto anasema inamtia kichefuchefu.

Umeme je? Kwenye boksi wameandika wati 5. Nikiwasha kwa muda wa saa tano kila usiku kwa siku 20, ni nusu uniti tu. Hata shilingi 200 haifiki. Kwa hiyo mwenye nyumba akija kukugombeza kuhusu LUKU, mfanyie hesabu hiyo. Taa nazipa tisa kwa kumi, hiyo moja nimeikata kwa ajili ya kidude.

Mti. Huu mdogo wa plastiki si wangu, nimeuazima kwa dada yangu, aliununua mwaka jana 18,000. Futi mbili! Nikiuweka pembeni ya TV unaonekana kama brashi ya kusugulia chupa. Na ukiutikisa, ona, ona, unapukutika. Ningeununua, bajeti yote ingeishia hapo nibaki na 2,000 ya kununulia nini? Sikushauri.

Mimi nimeweka mvinje. Kule nyumbani tungekata tawi la msonobari, ila huku pwani mvinje ndiyo msonobari wetu, majani yake membamba yananing'inia kama nywele. Kuna jirani alikuwa anapunguza matawi ya mti wake, nikaomba moja la kimo cha mwanangu. Omba, usiende kukata ya ufukweni, yale yamepandwa kuzuia mchanga. Nimelisimamisha kwenye ndoo tupu ya rangi, nikajaza mchanga, namwagia maji kila asubuhi. Nimelileta tarehe 20 maana halikai muda mrefu, linakauka na kumwaga majani. Na likikauka lisikaribiane na mshumaa wa kweli hata kidogo.

Hii kamba ya manyoya ya kumetameta, tatu kwa 4,500, ndiyo hela niliyoitupa. Manyoya yako kwenye kochi, kwenye wali, asubuhi nimetoa moja kwenye nywele za mtoto. Ukutani nako nilibandika kwa gundi ya karatasi, ikaanguka na rangi ya mwenye nyumba. Sasa nafungia kila kitu kwenye bomba la pazia. Mbili kwa kumi, na hizo mbili ni za kung'aa kwake.

Mipira 12 kwa 5,000 haina neno. Ni miepesi, ikianguka haivunjiki, ila vile vikamba vyake vinachomoka, funga uzi wa cherehani.

Sasa sogeza kamera hapa, hiki ndicho nakipenda. Nyota za kitenge. Nilikwenda kwa fundi cherehani wa mtaani, nikamwachia buku, yaani 1,000, ya soda, akanipa mfuko mzima wa mabaki. Unapika uji mzito wa unga wa ngano, vijiko viwili kwa kikombe cha maji, unauacha upoe, unachovya kitambaa, unakikamua kidogo na kukitandaza juu ya kipande cha nailoni juani. Kikikauka kinakuwa kigumu kama kadi, ndipo unakata nyota. Ukikata kabla, nyuzi zinafumuka, mimi nimeharibu sita nikijifunza.  Zangu za kwanza zililiwa, mende wa nyumba hii wakaanza Krismasi kabla yetu.

Jumla 19,000. Imebaki buku. Nauli sijaihesabu, Kariakoo nilikuwa na shughuli zangu.

Kitu kimoja bado hakipo mezani, kitakuja mkesha. Barabarani kwetu kuna mkrismasi umechanua mwekundu wote, kila asubuhi chini pametapakaa maua. Tarehe 24 jioni watoto wataokota, nitayaweka yaelee kwenye beseni la maji hapa mlangoni. Yakikaa siku mbili yananyauka, ndiyo maana sijaokota leo. Hayo hayana bei.

Haya, zima taa kubwa baba. Zima na feni, nyota zinazunguka. Subirini nibonyeze... tatu, nne... saba. Mnaona ukuta ule? Kile kivuli ni cha mvinje. Asubuhi palikuwa na doa la rangi iliyobanduka hapo, sasa mimi mwenyewe silioni.