Chesi Tanga: kijiwe cha kahawa Ngamiani au bustani ya Jamhuri?

Mie nshacheza kote. Vijiwe vya Ngamiani, zile barabara za namba, raha yake watu hawakosekani jioni, na ubao huna haja ya kubeba maana wa drafti una vyumba 64 vilevile vya chesi, wee nenda na kete zako 32 tu, ondoa vizibo vya soda panga mfalme wako. Kahawa na kashata zipo hapohapo. Tatizo washauri! Hujagusa farasi mzee mmoja keshakwambia "hapo unaliwa", mara wenye drafti wanataka ubao wao, basi gemu inaishia njiani.

Jamhuri kule pametulia, unaiona bahari na kisiwa cha Toten, unafikiria mpaka basi. Ila mpinzani uende naye mwenyewe, na ule upepo usiuchezee, kete za plastiki nyepesi zinalala zote, siku moja nilimtafuta malkia kwenye majani dakika kumi huku saa ya mchezo kwenye simu inanilia muda wangu. Kwa mgeni nasema Ngamiani kwanza, ukishapata mtu wa saizi yako ndo mhamie Jamhuri.