Vocha ya mbolea ya ruzuku Kenya: nukta moja imekula mifuko miwili

Nyota mbili. Mkono ulikuwa unaelekea moja, nikauzuia.

Kujiandikisha hakuna shida: kitambulisho, namba ya simu, zao, ukubwa wa shamba, yote kwa naibu wa chifu, umemaliza. Shida ni nukta. Shamba ni ekari 2.5, aliyekuwa akiingiza akabonyeza 0.25. Vocha ilipoingia kwenye simu, mgao ni mfuko mmoja wa DAP, mbolea ya kupandia. Mahindi huhitaji kama mfuko wa kilo 50 kwa ekari. Gawa mwenyewe: kilo 20 kwa ekari. Hiyo ni kuonjesha udongo tu.

Ghalani, karani hata macho hakuinua. "Mfumo ndio umesema, mzee." Kubadilisha hawezi, kazi yake ni kutoa mzigo. Rudi ulikoandikishwa, akasema, na huko nako wanangoja ruhusa kutoka juu. Mvua ndefu hiyo, wala hainingojei.

Wenye kuketi ofisini wataniambia si neno, mbolea itakuja. Ije lini? Fosforasi ya DAP haitembei udongoni. Isipowekwa karibu na mbegu siku ya kupanda, mizizi michanga haiipati. Wala CAN haizibi pengo hilo, hiyo ni naitrojeni ya kukuzia mahindi yakifika magotini.

Serikali imetoa pesa za kompyuta, programu na simu za kuandikishia. Swali dogo tu, "Umesema ekari mbili na nusu?", kabla ya kuhifadhi, halikupata nafasi! Kwa hiyo liulize wewe. Anayekuandika akugeuzie skrini, utaje nukta kwa sauti. Ujumbe ukifika, linganisha mifuko na ekari zako kabla ya kulipa.

Lakini nisiwe mwongo. Mfuko ni shilingi 2,500, na mwaka 2022 ruzuku hii hii ilikuwa 3,500. Unalipa kwa M-Pesa, noti hazipiti mkononi mwa mtu, na ule mfuko mmoja niliupata bila kumwona dalali. Haya, nyota tatu.

Naandika hivi, simu inalia. Marekebisho yamekubaliwa: mifuko miwili zaidi. Ya DAP. Mahindi yameshatoa mbelewele.

Nyota moja.