PhET darasani: simulesheni za bure za fizikia, na namna ya kuzitumia zisigeuke sinema

Nafundisha fizikia katika shule ya kata mkoani Singida. Darasa langu la kidato cha pili lina wanafunzi zaidi ya sitini, maabara yetu ina ammita (vipima mkondo wa umeme) mbili tu zinazofanya kazi, na laptop iliyopo ni moja, yangu mwenyewe. Kwa hali hiyo, hakuna zana ya kufundishia iliyonisaidia kama PhET. Nawashauri walimu wenzangu waitumie, ila kwa sharti moja nitakalolieleza, maana bila hilo inapoteza vipindi.

Kwa asiyeifahamu, PhET ni mkusanyo wa simulesheni, yaani maigizo ya majaribio kwenye skrini, za sayansi na hisabati unaotengenezwa na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya kushinda Nobeli ya fizikia. Zinapatikana phet.colorado.edu bila malipo, na zinafunguka kwenye kompyuta au simu. Kilicho muhimu zaidi kwa shule kama yetu ni kwamba nyingi unaweza kuzipakua. Unapakua mjini kwenye mtandao mzuri, unaweka kwenye flashi, na ukifika darasani huhitaji bando.

Nitaizungumzia zaidi ile ya saketi za umeme, kwa sababu ndiyo niliyoitumia kwa undani. Unapewa betri, waya, balbu, swichi, ammita na voltmita, unaunganisha mwenyewe kwa kuburuta. Elektroni zinaonekana kama vidoti vya bluu vinavyotembea ndani ya waya. Betri inakuja na volti 9, balbu ina ukinzani wa omu 10.

Sasa waulize wanafunzi: mkondo wa umeme ukishapita kwenye balbu, unakuwaje? Wengi watakuambia umepungua, balbu imeula. Unaweza kuwaandikia ubaoni kwamba mkondo ni uleule kote kwenye saketi mfuatano, yenye njia moja tu ya umeme, wakanakili, wakajibu vizuri hata kwenye mtihani wa upimaji, na bado moyoni wakaamini balbu imeula. Mimi naona hapa ndipo kazi ya mwalimu ilipo, na hapa ndipo PhET inaponibeba.

Naunganisha saketi, ila ammita siigusi kwanza. Natoa majibu matatu: kidole kimoja, mkondo umepungua, viwili, ni uleule, vitatu, umeongezeka. Kila mtu anaweka vidole kifuani ili jirani asimwige. Kisha nawaambia: mtafute mwenye vidole tofauti na vyako, mshawishi. Dakika chache darasa linachemka, nami napita kati ya madawati nikisikiliza bila kumsahihisha mtu. Tunapiga kura tena. Ndipo naweka ammita kabla ya balbu, inasoma ampea 0.90. Naihamishia upande wa pili. 0.90.

Kelele zinazofuata ni za watu waliokuwa wameweka msimamo. Mwanafunzi aliyebisha kwa dakika tano ana sababu ya kutaka kujua; aliyekuwa ananakili hana. Nauliza tena: kama mkondo haupungui, balbu inakula nini? Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye huwa haongei, alijibu: "Mwalimu, vidoti vyote vinarudi, kinachobaki kwenye balbu ni nishati vilivyoibeba." Jibu hilo nimelihangaikia miaka mingi kwa chaki.

Baada ya hapo naongeza balbu ya pili kwa mfuatano, wanatabiri, inasoma 0.45. Nazipanga sambamba, kila balbu na njia yake: kila tawi 0.90, waya mkuu 1.80. Sheria ya Ohm, kwamba mkondo ni volti kugawanya kwa ukinzani, wanaifikia wenyewe, mimi nawapa jina lake tu.

Mpangilio huu wa swali, kura, mjadala na jirani, kisha kura ya pili, sikuubuni mimi. Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard ndiye aliyeueneza kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990, akifundisha fizikia kwenye kumbi zilizojaa watu. Kwa hiyo wingi wa wanafunzi hauuzuii. Tena kwetu unasaidia, kwa sababu wa kubishana naye yupo karibu daima.

Sharti langu basi ni hili: usibonyeze kitu kabla darasa halijatabiri. Ukiunganisha waya moja kwa moja kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine, moto unawaka juu ya betri. Wanafunzi wanaupenda mno. Ukianza na huo moto, basi umeharibu: kipindi kizima wataomba uwashwe tena. Mimi nauweka mwisho, ukiwa swali: kwa nini hapa unawaka na kwenye balbu hauwaki?

Kuhusu lugha, sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, na mjadala wa jirani kwa jirani kwa Kiingereza huwa unakufa palepale. Mimi naruhusu ubishi uwe wa Kiswahili, hoja zikishakomaa tunaziandika kwa Kiingereza pamoja, kwa kuwa mtihani unadai hivyo. Simulesheni kadhaa zimetafsiriwa kwa Kiswahili, na hizo zinawafaa sana pia walimu wa shule za msingi.

Inapopwaya ni kwenye usafi wake. Betri za PhET hazichoki, na waya haulegei kwenye kiungo. Mwanafunzi aliyeishia kwenye skrini akishika betri za tochi, balbu isipowaka anadhani sheria imekosea. Kwa hiyo kipindi kinachofuata naleta betri za tochi, balbu ndogo na waya, vikundi vinaunganisha vyenyewe, na kutafuta kiungo kilicholegea linakuwa somo lingine zuri. Kamwe nisingekubali PhET iwe kisingizio cha shule kutonunua vifaa vya maabara.

Projekta mchana haionekani vizuri; tunafunika madirisha kwa khanga. Umeme ukikatika, au projekta ikiwa imeazimwa na mwalimu mwingine, nachora saketi ubaoni, kura zinaendelea vilevile, na laptop inazungushwa kikundi kwa kikundi kuhakiki jibu. Simu yenye kioo kikubwa kidogo inatosha kwa wanafunzi watano au sita.

Tovuti ina pia mazoezi yaliyoandikwa na walimu wa nchi mbalimbali. Ili kuyaona unajisajili kama mwalimu, bila malipo. Ubora wake unatofautiana, mengine ni orodha ya "bonyeza hapa, andika namba", nami hayo nayaacha.

Anayetaka kuanza wiki hii apakue pia ile ya nguvu na mwendo kwa wanaoanza. Ina mchezo wa kuvuta kamba, na sehemu ya kusukuma vitu: sanduku la kilo 50, friji la kilo 200. Ondoa msuguano wote, sukuma sanduku, halafu kabla hujaachia waulize: nikiacha kusukuma, litasimama baada ya muda gani?